Bomba la Kushoto

Sitaandika alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Wengine walisema ni mtu wa Tanga, wengine wa Pangani. Yeye mwenyewe alisema ni mtu wa kazi. Pale nyumbani kwa Bwana Mpimaji sote tulimwita Fundi, na humu nitamwita Fundi, ingawa nina majina mengine ninayomwita nikiwa peke yangu na rundo la nguo chafu. Majina hayo misheni hawakunifundisha.

Mume wangu ana makovu ishirini na tano mgongoni kwa sababu ya bomba moja fupi, lisilofika urefu wa mkono wangu kutoka kiganja hadi kiwiko. Bomba hilo Fundi ndiye aliyelifunga. Tangu siku ile nimetaka kitu kimoja tu kwake: afungue kinywa na kusema, mbele ya watu, kwamba lilikuwa lake. Sikutaka kuku, wala pole, wala dua zake. Aseme tu.

Mara ya kwanza kumwona niliona miguu. Nilikuwa nimechukuliwa kazi ya udobi siku hiyo hiyo, nikaingia chumba cha kuogea kuchukua mashuka. Chini ya beseni la kunawia palikuwa na miguu miwili, nyayo zimepasuka, na sauti ikatoka huko ukutani:

"Nani huyo anaruka ndoo yangu?"

"Dobi mpya. Shikamoo."

"Marahaba. Dobi, nipe hiyo spana ndogo. Si hiyo, hiyo ni kubwa. Mlisoma nini huko misheni kama kubwa na ndogo hamzijui?"

"Tulisoma kusema tafadhali."

Miguu ikacheka. Naapa, vidole vyake vilikunjuka kwa kicheko. "Haya, tafadhali," akasema.

Ndivyo alivyokuwa. Ungemchukia mapema zaidi kama asingekuwa anachekesha.

Alikuwa mtu wa kugonga. Hakuna bomba alilolipita bila kuligonga kwa kifundo cha kidole, kisha akainamisha kichwa asikilize kama mganga. "Hili limeshiba." "Hili lina hewa tumboni." "Hili linanung'unika, wiki ijayo litatapika." Na kweli lilitapika. Mjini nyumba zenye mabomba ndani zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, zote za Wadachi, na zote alizijua kwa sauti zake. Alipopita njia ya kwenda boma aliweza kusimama ghafla, akasema, "Kwa daktari pipa limepungua," halafu akaendelea na safari yake.

Alipima kila kitu kwa shubiri. Bwana Mpimaji, ambaye kazi yake ilikuwa kupima ardhi yetu ili igawiwe walowezi, alikuwa na minyororo ya chuma na miwani ya kutazamia mbali juu ya miguu mitatu. Fundi alikuwa na kiganja. Siku moja walibishana juu ya urefu wa bomba la jikoni. Bwana akaleta kipimo chake. Kiganja kikashinda. Fundi hakucheka mbele ya Bwana, alikuja kucheka kwangu, kwenye karai la kufulia. "Huyu ndiye anayepima mashamba yenu. Mungu awasaidie."

"Wewe ndiye unayemnywesha maji," nilimwambia.

"Mimi nanywesha anayenilipa, mama."

Na hapo pana jambo ambalo mpaka leo linanikera. Yeye mwenyewe hakunywa maji ya mabomba yake. Hata siku moja. Alikuja na kibuyu alichokijaza mtoni Themi alfajiri, na maji ya kutawadhia aliyachota mferejini, hata asubuhi za mwezi wa saba ambapo mtu ukitia kidole unadhani kimekatwa. Naomi wangu alipozaliwa na nikaanza kuja naye mgongoni, Fundi alinivuta pembeni. "Maji ya koki yaliyolala bombani, mtoto asiyanywe. Acha kwanza yatiririke, hesabu mpaka mia. Ukiweza, mpe ya mferejini, uyachemshe."

"Kwa nini?"

"Mabomba haya ni ya risasi, na risasi ni sumu. Nimeyachomelea miaka mingi. Nina yanayonisumbua mwilini." Akakunja mikono kwapani haraka, kama anayeficha kitu kilichoibwa.

Kwa hiyo alijua. Alimjali mwanangu kiasi cha kunionya. Nyumba nzima ya Mdachi, bibi na wageni wake, hakuwaonya. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Hawakuniuliza." Siku hiyo nilicheka. Sikujua kwamba kinywa kile kile kilichonyamazia Wadachi kingekuja kuninyamazia mimi.

Alipenda kututania sisi Waarusha. Alisema tunalala na ng'ombe ili tusiote ndoto za watu. Nilimjibu kwamba watu wa pwani wanalala na deni. Alisema Kiswahili changu kina mawe. Nikamwambia mawe ndiyo yanayojenga boma, maneno yake laini yangejenga nini? Alifurahi akaniita "mwanangu", na mimi, mjinga, nilifurahi kuitwa.

Nimesoma misheni mpaka darasa la mwisho walilokuwa nalo kwa wasichana, kisha nikafundisha watoto herufi mpaka nilipoolewa. Nasema hivi kwa sababu nitakayoyasema sasa yananifanya nionekane mshamba, na ni kweli yalitokea. Wiki yangu ya kwanza niliacha koki ya beseni wazi. Kwetu, juu huko Engutoto, maji hayafungwi. Mfereji unatoka mtoni, unapita kwa kila mtu kwa zamu. Zamu yako ikiisha unaziba mlango wa shamba lako kwa udongo na magome ya mgomba, na maji yanakwenda kwa jirani. Mtu anayeyazuia yasiende kwa mwenzake anaitwa mbele ya wazee wa mfereji. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yako maji yasiyo na jirani. Nilinawa, nikaondoka, na maji yakaendelea kuteremka kwenye tundu la beseni, na mimi moyoni nilidhani yanakwenda kwa mtu. Pipa likaisha. Bibi, mke wa Bwana, alipiga kelele. Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

"Binti alikuwa anamgawia jirani!" aliwaambia wote, mpishi, mtunza farasi, askari wa zamu. "Jirani gani? Panya?"

Hakuna aliyeumia. Kikawa kichekesho cha nyumba kwa mwezi mzima. Tangu hapo sikuacha koki wazi hata mara moja. Kumbuka hilo.

Kazi yake alinifundisha bila kukusudia, kwa kuwa alihitaji mkono wa pili na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Beseni lilikuwa na koki mbili, ya kulia ya maji baridi kutoka pipa kubwa la nje, na ya kushoto ya maji ya moto kutoka pipa lililokaa juu ya moto nyuma ya jiko. Kila koki ililishwa na bomba lake fupi lililotoka ukutani likapanda chini ya beseni. Ukitaka kubadilisha bomba hilo, unafunga maji kule kwenye pipa. Unafungua koki ya beseni ili maji yaliyobaki yatoke. Unaweka ndoo chini, maana yako mengine hayatoki mpaka nati ilegee. Unalegeza nati kwa spana, huku spana nyingine imeshikilia juu, usije ukapasua beseni ambalo limesafiri baharini zaidi ya wewe. Unasugua meno ya chuma yang'ae. Unazungusha nyuzi za katani zilizopakwa mafuta, kufuata njia ya nati. Kisha unaanza kwa vidole.

"Vidole kwanza," alisema, na hapo hakutania. "Nati ikikataa vidole imekaa upande. Ukiilazimisha kwa chuma itakubali, lakini imekasirika, na itangoja siku yake."

Mwisho alipuliza majivu makavu kuzunguka kila kiungo, akakaa kimya akiyatazama. Tone likitoka, hata dogo kuliko jicho la sindano, majivu yanakuwa meusi. Aliweza kuyatazama majivu muda wa kupika uji. Sijawahi kumwona mwanaume akingoja hivyo kwa kitu chochote.

Basi niambie, mtu wa namna hiyo anafungaje bomba kwa kitambaa na mafuta ya kondoo?

Nilimwona akifanya hivyo. Bomba la kushoto lilikuwa limevimba kwa moto wa miaka, risasi imelegea, kiungo kinadondosha. Alimwomba Bwana mabomba mapya ya chuma. Bwana akamwambia angoje magari ya ng'ombe kutoka Moshi, treni inakoishia. Kwa sasa aliunge tu. Fundi alirudi uso umekunjamana, akachana kipande cha kilemba cha zamani, akakilowesha mafuta ya kondoo, akakizungusha na kukaza kwa waya. Hakupuliza majivu.

"Hukuangalia," nilimwambia.

"Sitaki kuona," alisema.

Liliachia siku ya nne, mchana, wakati Bwana yuko boma na Bibi amepumzika. Mimi nilikuwa nje naanika, Naomi mgongoni. Chumba cha kuogea kilipakana na chumba cha ramani. Maji yalipita chini ya mlango, na ramani za mashamba zilikuwa zimetandazwa sakafuni zikauke wino. Bwana aliporudi, mipaka ya walowezi ilikuwa imegeuka bluu moja kama kaniki iliyochuja. Leo naweza kusema ilinipendeza. Siku ile niliogopa mpaka maziwa yakanitoka yenyewe.

Tulipangwa uani, watumishi wote. Bwana akauliza kwa Kiswahili chake cha amri: "Nani?"

Nilimtazama Fundi. Nilikuwa na uhakika kwamba atakiri, kama ninavyojua jina langu. Hakumtazama mtu. Aliangalia spana mkononi mwake, akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine:

"Dobi ameacha koki wazi, Bwana. Kama mfereji wao. Alishafanya hivyo zamani."

Na wote walijua kwamba nilishafanya. Walikuwa wamecheka pamoja naye. Mpishi akainamisha kichwa, mtunza farasi akainamisha kichwa.

"Uongo!" nilisema. "Kaangalieni bomba! Kaangalieni kitambaa!" Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kidachi kidogo nilichokuwa nacho. Hakuna aliyekwenda kuangalia. Fundi alikuwa ameshaingia kabla ya sisi wote, akakitoa kitambaa. Nilikiona baadaye kwenye jaa.

Mwanamke hachapwi viboko kwa sheria yao. Wanaona hiyo ni heshima. Badala yangu aliitwa mume wangu, aliyekuwa akipalilia bustani ya nyumba hiyo hiyo, na alilazwa mbele ya boma, hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Nilisimama na mtoto mgongoni nikimwambia Naomi, "Lala, lala," na Naomi hakulala. Mume wangu hakutoa sauti mpaka cha kumi na saba. Baada ya hapo sitaki kuandika.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linaloniwasha zaidi. Fundi mwenyewe alikuwa na makovu hayo. Aliyapata boma lilipokuwa likijengwa, aliniambia mwenyewe, kwa utani kama kawaida yake: "Nilikunja bomba upande, wakanikunja na mimi." Alikuwa anajua kila kiboko kinavyoingia. Kuna watu wanaotenda ubaya kwa kutojua. Yeye alijua kwa ngozi yake, akaona heri ngozi ya mwingine.

Watu wananiambia, mzee yule alikuwa anaogopa. Mama mkwe wangu, tunamwita Yeyo, aliniambia hivyo huku akimpaka mwanawe samli mgongoni. "Mtu akishapigwa mara moja, hofu inakaa ndani ya mfupa."

"Yeyo, huyu uliyemshika mgongo ni mwanao."

"Naujua mgongo ninaoushika," alisema. "Wewe shika hasira yako taratibu, itamwagikia mtoto."

Siwezi. Nimejaribu. Hata kanisani ikifika mahali pa kusamehe wakosaji wetu, mimi huliruka neno hilo na kuendelea na linalofuata.

Mvua mbili zilipita. Nikawa nafua nguo za watu mferejini, mume wangu akarudi kwenye shamba na ng'ombe watatu. Asubuhi moja nikamwona Fundi anapanda kilima na fimbo. Alikuwa amekonda, ufizi wake una mstari wa kijivu kama wa makaa. Akasimama ng'ambo ya mfereji.

"Mwanangu, hujambo?"

"Tangu lini mimi ni mwanao?"

"Mabomba ya chuma yamefika."

"Hongera. Yabusu."

"Nitazame." Akanyoosha mikono yote miwili juu ya maji. Ilitikisika kama ya mtu mwenye homa. Alijaribu kuizuia, mmoja ukashika mwingine, ikatikisika yote. "Siwezi kuanza nati kwa vidole. Wakiona, wataleta fundi kutoka Moshi, na mimi nitatolewa kwenye chumba changu. Nitakwenda wapi? Nipe mikono yako kwa asubuhi moja."

Nilipiga shuka kwenye jiwe mara tatu kabla ya kumjibu. "Nitakufungia. Mabomba yote mawili. Lakini utasema mbele ya Bibi lile la zamani lilikuwa la nani."

"Nitasema."

"Apa."

Akaapa kwa Mungu wake, ambaye sina ugomvi naye.

Nilikwenda kesho yake. Palikuwa na dobi mpya, msichana Mmeru, tumbo lake kama langu siku zile. Alisimama mlangoni akitukodolea macho. Fundi alifunga maji kwenye mapipa, hilo aliliweza. Nikalala chini ya beseni. Nilitoa la kulia, nikatoa la kushoto. Nilisugua meno ya chuma, nikazungusha katani, nikaanza kwa vidole, na nati ikaenda laini yenyewe. Nilipofika kwenye nati ya mwisho, shetani aliniambia: iache nusu. Iachie hapo. Itangoja siku yake, na safari hii itakuwa mgongo wa Fundi.

Nikaona miguu ya yule msichana mlangoni, imevimba kwa mimba.

Nilikaza mpaka spana ikagoma. Nikapuliza majivu, nikayatazama. Yalibaki meupe.

Bibi akaja, akafungua koki zote mbili, akanawa mikono, akatabasamu. "Nzuri sana. Nani amefunga?"

Na Fundi, maskini wa Mungu, mwongo, mzee, akasema: "Mimi, Bibi."

Nilitoka chini ya beseni na majivu usoni. "Basi alegeze nati hiyo aifunge tena, Bibi. Tumtazame."

Bibi akashangaa, halafu akaona kama mchezo. "Haya, Fundi. Fanya."

Akaichukua spana. Ikagonga beseni, ko, ko, ko, ko, haikufika kwenye nati. Hatukucheka hata mmoja. Akaiweka chini polepole, akasema huku akitazama sakafu: "Ni yeye aliyefunga, Bibi. Na lile bomba la zamani, lililomwaga maji kwenye ramani, lilikuwa langu. Huyu hakuacha koki wazi. Nilisema uongo. Mumewe alipigwa bure."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo mvua mbili. Nilimtazama Bibi.

Akakunja kipaji cha uso, akifikiri kweli, sitamsingizia. "Ramani zipi?" akauliza. Halafu: "Mume yupi?"

Alikuwa amesahau. Akasubiri kidogo kama kuna la zaidi, akamwambia Fundi mabomba yanatosha, chumba chake abaki nacho, akaenda zake na taulo.

Nikasimama pale na spana mbili. Yule msichana akanipa maji ya kunawa uso, nikamwambia, "Usinywe hayo. Yaache yatiririke kwanza, hesabu mpaka mia." Kisha nikamgeukia Fundi.

"Umeyasema mahali pasipo na mtu. Twende."

"Wapi?"

"Unajua wapi."

"Leo?"

"Leo."

Nilipanda kilima bila kupunguza mwendo. Nilisikia fimbo yake nyuma yangu, ikisimama, ikianza tena. Mume wangu alikuwa mferejini, amevua shuka, anaziba mlango wa shamba kwa magome kwa kuwa zamu yetu ilikuwa imekwisha. Mgongo wake ulikuwa upande wetu.

Fundi aliutazama. Muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama majivu. Kisha mzee yule, aliyeweza kumzaa mume wangu, akainama mpaka mkono wake unaotikisika ukagusa udongo, akasema:

"Shikamoo."

Mume wangu aligeuka. Akamwona ni nani. Akanitazama mimi, akamtazama yeye tena. Hakuitika. Alibandika gome la mwisho, akaligandamiza kwa kisigino, akasimama akihakikisha maji yote yamekwenda kwa jirani.